Kasimba na Uamuzi wa Mama Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ikutha, nilihasi fahali saba kabla ya saa sita mchana na hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza swali. Wenyewe waliwakamata, wakawaangusha, nami nikabana kwa burdizo, ambalo ni koleo kubwa la chuma linaloponda mishipa ya korodani bila kupasua ngozi. Fahali waliamka, wakatembea kando kidogo kama watu waliokalia benchi bovu, wakaendelea kula. Wa nane alikuwa mbwa.

Mwenye mbwa huyo alikuwa mchoma makaa aliyemleta kwa kamba ya katani. Alinieleza kwamba mbwa wake hupotea siku tatu, nne, kisha hurudi na sikio limechanika na njaa ya watu wawili. Alitaka nimtengeneze kama ng'ombe. Nikamwambia mbwa habanwi kwa koleo; huchomwa dawa ya usingizi, hupasuliwa mkato mdogo, korodani zikatolewa na mishipa ikafungwa kwa uzi. Kazi ya dakika chache, na kwa usimamizi wa mkubwa wangu niliruhusiwa kuifanya. Akakubali. Nikaweka vyombo kwenye sufuria vichemke.

Wale wenye fahali hawakuondoka. Walisogea wakasimama kumzunguka yule mbwa, wakimtazama tu. Mmoja akasema kwa upole kwamba maskini, huyu hajamkosea mtu. Mchoma makaa akamwangalia mbwa wake. Maji yalipochemka, kamba ilikuwa imeshafunguliwa. Nilimwuliza kuna tofauti gani kati ya fahali na mbwa, naye akanijibu kana kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo: "Ng'ombe ni mali. Huyu tunaishi na yeye."

Afisa wa Mifugo wa Tarafa, mkubwa wangu wa kwanza, mtu mpana aliyevaa kofia hata akiwa ofisini, alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Aliniambia: "Musyoka, fahali ni kazi ya mikono. Mbwa ni kazi ya mdomo. Jiandae kuchoka." Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Baada ya miaka thelathini na ushee ya kuchoka, naandika haya kwa ajili ya vijana wanaotoka chuoni sasa na vyeti vyao vipya, ili wasije wakasema hawakuambiwa.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Watu wote waliniita Daktari, na wote walikosea. Nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo. Nilisomea chanjo, minyoo, kupe, kuzalisha, kuhasi na vidonda. Kufungua tumbo la mnyama ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye shahada, na sheria ya taaluma yetu haina huruma kwa anayejifanya. Kwa hiyo mbwa dume ningeweza kumshughulikia, lakini mbwa jike, ambaye lazima tumbo lifunguliwe ili kizazi na vifuko vya mayai vitolewe, alihitaji daktari. Kazi yangu kwa mbwa jike ilikuwa kumshawishi mwenyewe, kumwandikisha, na kumshika. Sehemu ya kumshawishi ndiyo iliyonitia mvi.

Kutoka Ikutha nilihamishiwa Tulia, chini ya Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mama mkali aliyesahihisha ripoti zetu kwa kalamu nyekundu kama mwalimu. Huko ndiko nilikogeuka kuwa mtu wa msimamo. Kulikuwa na mbwa jike mmoja sokoni, asiye na mwenyewe anayejulikana, na kila alipopata joto, yaani siku zake za kutaka dume, alifuatwa na kundi la madume kumi na zaidi. Siku moja ya soko kundi hilo lilipita katikati ya watu likipigana, na mmoja akamrarua shavu msichana mdogo aliyekuwa ameketi kando ya nyanya za mama yake. Huyo aliyemrarua alikuwa na kichaa. Msichana alipata sindano zote na akapona, lakini hizo sindano zilitafutwa mbali, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliozitafuta. Sijasahau jinsi mama yake alivyokuwa akiniuliza kila baada ya hatua chache kama tutafika kwa wakati, na mimi nikimjibu ndiyo bila kujua.

Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba bado anafikiria habari ya mbwa wake, damu ilikuwa inanipanda kichwani. Afikirie nini? Mbwa jike huzaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano, sita, wanane. Nani atawalisha? Huwekwa kwenye gunia wakatupwa kando ya barabara ya lami, wanaobaki hai wanakuwa wale wale wa sokoni. Niliyasema haya barazani, makanisani baada ya matangazo, kwenye josho, kila mahali. Daktari wa Wilaya alinisikia siku moja nikimfokea mzee wa watu mbele ya wake zake wawili, akaniita pembeni. Alisema: "Unayosema ni kweli. Lakini unayasema kama askari." Nilimwomba msamaha, kisha nikaendelea vilevile.

Serikali za kaunti zilipokuja nilikuwa nimeshavuka kwenda Makueni, nikapangiwa Tawa, na Tawa ndiko nilikokaa mpaka mwisho. Ni huko nilikomjua Mama Mwende na mbwa wake.

Mama Mwende alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na chumba kimoja kwenye safu ya maduka iliyotazama barabara ya kupanda kwenda milimani, cherehani mbili, na meza ndefu ya kukatia vitambaa iliyojaa sare za shule na majoho ya kwaya. Kwaya yenyewe aliimba, sauti ya pili. Mumewe, Mzee Kimanzi, alikuwa dereva wa lori aliyestaafu akarudi kulima machungwa kwenye matuta. Watoto wao wawili walikuwa wakubwa, wanafanya kazi mbali. Waliobaki nyumbani walikuwa wazee wawili na Kasimba, mbwa jike wa rangi ya mchanga, masikio yamesimama, miguu myembamba, ambaye mchana alilala chini ya meza ya kukatia na jioni alimsindikiza Mama Mwende nyumbani akitembea mbele yake kama askari wa mkuu wa mkoa.

Mkurugenzi wa Mifugo wa kaunti alikuwa ametangaza kwamba daktari atakuja Tawa kwa kampeni ya siku chache ya kuhasi mbwa na kuwafunga uzazi bila malipo, tukishawaandikisha. Nilipita duka kwa duka na daftari langu. Mzee Kimanzi, niliyemkuta njiani, aliniambia mara moja niandike jina la Kasimba, hakuna la kujadili. Nikaandika. Kesho yake asubuhi Mama Mwende alinisimamisha nje ya kituo na kuniomba, kwa heshima kabisa, nilifute.

Nilimwuliza sababu. Alisema amesikia mbwa lazima azae walau mara moja kwanza, la sivyo anaugua. Nikamweleza kwamba hilo husemwa sana na si kweli. Mbwa hahitaji kuzaa ili awe mzima, na kufungwa mapema kabla ya joto la kwanza humpunguzia hatari ya uvimbe wa matiti. Alisikiliza vizuri, akashukuru, akasema atafikiria. Wiki iliyofuata sababu ilikuwa unene. Nikamwambia mbwa hunenepa kwa chakula, apunguziwe makombo ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, atembezwe. Akashukuru. Kisha ikawa ulinzi: je, akifungwa ataendelea kubweka usiku? Nikamwambia mbwa anabweka kwa koo. Kisha ikawa atamwuliza mchungaji. Mchungaji wake, mtu mwenye mbwa watatu na akili timamu, akamwambia Maandiko hayana neno juu ya hilo na amsikilize Daktari. Nilidhani nimeshinda. Mama Mwende akaniambia sasa anangoja maoni ya bintiye, Mwende mwenyewe, ambaye ni karani mjini.

Kijana unayesoma haya, nataka ujue hali ya mtu aliyeona maswali manne yakijibiwa kwa usahihi kisha akaambiwa kuna la tano. Nilikuwa na mbuzi wa kuchanja ng'ambo ya mto, punda mwenye kidonda, ripoti ya mwezi imechelewa. Na kila nilipopita lile duka, Kasimba alikuwa chini ya meza, amepata joto au anakaribia kupata, na madume mawili yameketi nje ya mlango kama wateja. Daktari alikuja siku za kampeni, akafanya kazi nzuri, akaondoka. Kasimba hakuwa miongoni mwao. Baada ya miezi miwili akazaa saba.

Kwa haki ya Mama Mwende, hakutupa hata mmoja. Aliwalea mpaka wakaacha kunyonya, akatafuta nyumba moja moja, akiuliza kila mtu atampa mbwa kibanda cha namna gani. Lakini mimi hasira zilikuwa zimenijaa. Siku moja niliingia dukani kwake kuchukua suruali niliyomwachia apunguze, nikawakuta wanawake wanne wa kwaya wakipimwa majoho. Mmoja akauliza kwa utani kama Kasimba bado hajaenda kwa Daktari. Mama Mwende akasema bado anafikiria.

Nikasema, mbele yao wote: "Mama Mwende, unafikiria nini mwaka mzima? Kizazi ni kiungo tu. Kikitoka kimetoka. Mbwa anaamka anakula ugali kama kawaida."

Wanawake wale hawakucheka. Mmoja aliinama akaanza kutafuta kitu kwenye kipochi chake. Mama Mwende alimaliza kupima bega alilokuwa akilipima, akaandika namba, akanikabidhi suruali yangu ikiwa imekunjwa. "Sawa, Daktari," alisema. "Endelea na kazi yako." Nilitoka nikiwa nimeridhika. Nilijiambia kwamba angalau sasa neno limemwingia.

Baada ya hapo hakunisimamisha tena. Aliponiona barabarani alinisalimia na kupita. Niliichukua kama ushindi wa aina fulani, kwamba maswali yamekwisha.

Miezi ikapita. Siku moja, kama saa nne asubuhi, Mzee Kimanzi alikuja kituoni kwa miguu, akitembea haraka kuliko umri wake. Alisema Kasimba hali siku ya tatu, lakini maji anakunywa kama ng'ombe, anamaliza beseni na kutafuta jingine. Nikamwuliza alipata joto lini mara ya mwisho. Akafikiri akasema wiki nne, tano hivi, na hawakumwachia dume, walimfungia. Nikajua kabla ya kufika.

Nilimkuta chini ya ile meza. Tumbo limejaa, ufizi umepauka, na kule nyuma kulikuwa na uchafu wa rangi ya krimu wenye harufu ambayo mtu wa kazi hii haisahau. Huo ni usaha ndani ya kizazi. Huwapata mbwa jike ambao hawajafungwa, hasa wakubwa, wiki kadhaa baada ya joto. Kizazi hujaa usaha kama mfuko, sumu ikaingia kwenye damu, na mbwa asipopasuliwa akatolewa kizazi chote, kwa kawaida hufa. Dawa pekee hazitoshi. Nilimpigia simu Daktari wa Mifugo wa kaunti ndogo, msichana mdogo kwa umri lakini mwenye mikono mizuri, akasema yuko njiani kutoka Wote, nimtundikie Kasimba dripu na nimpe antibiotiki wakati namngoja.

Nilifanya hivyo huku nimekasirika. Mdomoni nilikuwa na hotuba nzima. Mzee Kimanzi alikuwa anazunguka mlangoni akisema apasuliwe, apasuliwe, yeye anaweka sahihi sasa hivi, iko wapi karatasi. Nikaitoa fomu ya idhini kwenye mkoba. Hapo Mama Mwende, ambaye muda wote alikuwa amepiga magoti akimshikilia Kasimba kichwa, alimwambia mumewe aende nyumbani akalete blanketi. Mzee akasema blanketi lipo hapo. Akamwambia alete lingine.

Alipoondoka, Mama Mwende akaniambia, "Musyoka, keti." Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku hiyo. Nikaketi kwenye stuli ya cherehani.

Alinieleza akinyoosha masikio ya mbwa, bila kunitazama. Alipomzaa mwanawe wa pili, damu ilikataa kukatika. Akapoteza fahamu. Hospitalini walimwambia Kimanzi ni ama kizazi kitoke ama mke afe, na Kimanzi akaweka sahihi, na hakuna mwenye akili anayeweza kumlaumu. Yeye aliamka siku ya pili. Aliambiwa na mfagiaji, kwa bahati mbaya tu, mfagiaji akidhani ameshajua. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliporudi nyumbani, dada za mumewe walianza kumwita kwa jina ambalo hakulirudia mbele yangu. Mmoja alimshauri kaka yake, yeye akisikia, atafute mwingine wa kuzaa naye. Kimanzi alikataa. Lakini miaka mingi, kila Mama Mwende alipoingia mahali penye wanawake, walikuwa wakinyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

"Wewe ulisema mbwa anaamka anakula ugali kama kawaida," alisema. "Mimi pia niliamka nikakula ugali kama kawaida."

Niliiweka ile fomu magotini. 

"Hata sikukuwa nimekataa," akaendelea. "Kila swali nilikuuliza ni la kweli. Ukinijibu moja, naenda nalo nyumbani, nakaa nalo. Nilikuwa natafuta njia ya kukubali. Lakini wewe ulikuwa na haraka."

Nilitaka kumwambia habari ya yule msichana wa Tulia, shavu lake, zile sindano. Nilianza hata, nikaacha katikati, kwa sababu niliona kwamba nilikuwa najitetea. Nikamwomba msamaha kwa niliyoyasema mbele ya wanawake wa kwaya. Akatikisa kichwa kana kwamba hilo limeshapita, ingawa najua halikuwa limepita.

Kisha nikafanya ambalo nilipaswa kulifanya mwaka uliotangulia. Nikamweleza Kasimba ana nini, kitakachofanywa ni nini, kwamba anaweza kufia mezani kwa kuwa sumu imeenea, na kwamba asipopasuliwa atakufa kwa hakika. Nikamwuliza anataka tufanye nini. Akauliza kama itabidi aondoke chumbani. Nikamwambia akitaka kubaki abaki. Akachukua kalamu ya kuwekea alama vitambaa, akaona si yenyewe, akachukua kalamu ya wino, akaandika jina lake lote, matatu, polepole.

Daktari alifika kama saa saba. Tuliondoa sare na majoho, tukatandika plastiki juu ya meza ya kukatia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mwanga bora Tawa nzima, mlango wazi upande mmoja na dirisha upande mwingine. Nikanyoa tumbo, nikapaka dawa ya kuua viini, Daktari akapasua. Kizazi cha mbwa mzima kina pembe mbili nyembamba kama penseli. Cha Kasimba kilitoka kinene kama soseji mbili za kuchoma, kimevimba, kinang'aa. Kingepasuka ndani tungekuwa tumechelewa. Daktari aliniambia kwa sauti ya chini, bila kuinua macho: "Siku moja zaidi, Mzee Musyoka, na tungekuwa tunachimba shimo." Mama Mwende alisimama upande wa kichwa, mkono mmoja juu ya shingo ya Kasimba, akihesabu pumzi zake kama nilivyomwonyesha. Hakugeuza uso. Kile kizazi kilipowekwa kwenye beseni alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba kikafukiwe vizuri, si kutupwa jalalani. Nilikifukia mwenyewe nyuma ya maduka.

Mara mbili pumzi zilikawia na mara mbili zikarudi. Tulipomaliza kushona, Mama Mwende aliuangalia mshono akasema uzi umevutwa sana upande wa chini. Daktari akaangalia akakubali, akaulegeza.

Kasimba alilala siku mbili kati ya huku na kule. Siku ya tatu alisimama, akayumba mpaka mlangoni, akambwekea mpita njia. Mzee Kimanzi, ambaye alikuwa amerudi na blanketi la pili wakati sisi tunaosha mikono, alianza siku hiyo hiyo kuwaeleza watu sokoni kwamba yeye alisema tangu mwanzo, na kama angesikilizwa, na kadhalika. Nilimsikia nikiwa nimeketi dukani, na mkewe pia alimsikia. Aliendelea kupitisha kitambaa kwenye cherehani. "Mwache," alisema. "Safari hii nimesaini mimi."

Ningependa kusema kwamba tangu hapo nikawa mtu mwingine. Sikuwa. Mtu aliyenijia na swali la saba bado alinipandisha damu, na mpaka siku ya mwisho kazini nilifokea watu, ila wachache kuliko zamani. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliposema bado anafikiria, nilianza kujiuliza anafikiria nini hasa. Wakati mwingine hakuna kitu. Ni uvivu tu, na mvivu nilimwambia ni mvivu. Wakati mwingine ni mwanamume anayeogopa macho ya wenzake mbwa wake akihasiwa, kama yule mchoma makaa. Mwanamume mmoja alitaka tu kujua kama mbwa atamchukia. Haya hayamo kwenye vitabu vya chuo, na huwezi kuyapata ukiwa umesimama na daftari, mguu mmoja umeshageukia kwenye pikipiki.

Na bado nasema, na nitasema mpaka nizikwe: kama huna mpango wa watoto wa mbwa wako, mfunge uzazi. Jike afungwe akifika miezi sita hivi, kabla hajapata joto, ukimwona daktari kwanza. Dume ahasiwe. Wote wachanjwe kichaa kila mwaka. Na usimruhusu mtu yeyote mwenye kisu na bila dawa ya usingizi amguse mnyama wako, hata akiwa mjomba wako na amefanya hivyo tangu zamani. Fikiria, lakini fikiria kwa kuuliza, na uulize mapema. Kasimba alibakiza siku moja.

Nilistaafu nikapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu ya Mkurugenzi, aliyesema nimeshawishi watu wengi. Nilitazama waliokuja, nikaona kwamba nusu yao walikuwa hawajawahi kunisikiliza. Nimerudi Kitui kwetu, nina mbuzi wachache. Watu wananipigia simu bado, wananiuliza, nawajibu, wanafanya mengine. Imekuwa kama mvua zetu: unajua hazitakuja kwa wakati, na unapanda.

Mwaka huu nilikwenda Tawa kwenye harusi, nikapitia dukani. Kasimba alikufa kwa uzee, usingizini, chini ya meza yake. Lakini pale chini ya meza palikuwa na kijibwa kingine, jike, mweusi mwenye kifua cheupe, anatafuna kamba ya kiatu changu kabla sijaketi. Nilimkagua meno. Miezi mitano na kitu. Nikamwuliza Mama Mwende amepangaje kuhusu huyu.

"Bado nafikiria," alisema.

Nilihisi ile damu ikianza kupanda, ya tangu Tulia, ya miaka yote. Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga, nikavuta stuli, nikaketi. Cherehani ikaendelea. Alishona mkono mzima wa joho, akakata uzi, akageuza kitambaa, akashona na wa pili. Kijibwa kilichoka na kiatu kikalala juu yake.

"Hiyo dawa ya usingizi," Mama Mwende akauliza bila kusimamisha mguu, "kweli anakuwa hasikii kitu?"

Nikamwambia hasikii kitu.

"Na akiamka, anaamka penye mtu anamjua?"

Nikamwambia hilo liko mikononi mwake. Akitaka, atakuwa yeye.

Alishona mpaka mwisho wa pindo, akainua joho akaliangalia kwenye mwanga. "Basi mwambie Daktari aje Alhamisi," alisema. "Jumatano tuko na mazoezi."